Kuchagua Risasi ya Gobori



Mtu akisimama Soweto, katika mji wa Moshi, asubuhi isiyo na mawingu, huuona mlima wa Kilimanjaro upande wa kaskazini, na theluji yake ikimeta juu ya msitu. Akigeuka kusini huiona nchi ikishuka pole pole mpaka tambarare za Kahe na Arusha Chini. Leo nchi hiyo ya chini ina mashamba ya miwa, mpunga na mahindi, na vijiji vyenye watu wengi. Zamani za babu zetu ilikuwa nchi ya wanyama, na watu waliwawinda kwa pinde, kwa mitego na kwa mashimo, na baadaye kwa magobori. Magobori hayo hayajaisha katika nchi yetu. Mengine ni ya halali na yana hati zake. Mengine hutengenezwa kwa siri kwa mabomba ya maji, na hayo ni hatari kwa mwenyewe kabla hayajawa hatari kwa mnyama.

Jambo ninalotaka kulieleza ni dogo kwa kulitazama, maana laweza kukaa katika kiganja cha mtoto. Ni ile risasi inayoshindiliwa ndani ya gobori. Watu wengi wanaopata bunduki ya namna hii huitunza kasiba, huisifu sauti yake, hubishana juu ya baruti, lakini ukiwauliza watatia nini ndani yake, hujibu, "Chochote cha chuma kinachoingia." Jibu hilo ndilo linalowafanya kulungu wengi kufia vichakani bila mtu kuwala, na wawindaji wengine kurudi nyumbani bila vidole.

Kwanza tumjue mnyama. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinavyoeleza uwindaji wa gobori husema juu ya mnyama mwenye pembe zenye matawi kama mti, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Waliotafsiri Maandiko Matakatifu walimwita ayala. Msomaji amekutana naye katika Zaburi, lakini hatakutana naye msituni hapa, kwa kuwa katika Afrika nzima ayala wa asili hupatikana kaskazini tu, katika nchi za Algeria na Tunisia. Kwetu sisi wanaofanana naye kwa ukubwa ni kulungu, ambaye wengine humwita pongo, na swala pala. Pembe zao hazina matawi wala hazianguki. Dume la kulungu huwa na uzito wa kilo 40 hata 80, na swala pala kadhalika. Kwa hiyo maarifa yanayohusu risasi ya kumpiga ayala yafaa kwa hao wawili, bali hayafai kwa pofu, ambaye dume lake laweza kupita kilo 700, wala kwa nyati, ambaye mtu mwenye akili hamwendei na gobori.

Yuko mwingine ambaye lazima nimtaje ili asiguswe kabisa. Katika misitu ya Kilimanjaro hukaa minde, mnyama mweusi-mweusi mwenye kishungi chekundu katikati ya pembe zake fupi. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1890, kwa mnyama aliyepatikana mlimani hapo hapo, na hata leo hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika milima michache ya Tanzania. Amebaki kidogo. Mlima wenyewe ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu uliouzunguka ukaingizwa ndani ya hifadhi hiyo, basi huko juu hapana uwindaji wa namna yo yote. Anayetaka kuwinda hana budi kwenda mahali palipofunguliwa kwa kazi hiyo, akiwa na leseni yake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na bunduki yenyewe, hata iwe ya babu, yaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kununua hata punje moja ya baruti, amwulize ofisa wa wanyamapori kama gobori lake linakubaliwa kwa mnyama anayemtaka. Wakazi wa Rombo wakumbuke zaidi kwamba ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mnyama aliyejeruhiwa hajui mpaka, na mtu anayemfuata akiwa na bunduki mkononi aweza kujikuta mbele ya hakimu wa nchi nyingine.

Sasa tulitazame gobori lenyewe. Ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wake. Hutiwa baruti kwanza, kisha risasi, na vyote husukumwa chini kwa mdeki. Ile ya zamani zaidi hupokea moto kwa jiwe la gumegume. Iliyofuata hupokea moto kwa fataki inayovikwa juu ya kifa. Misafara kutoka Pangani na Mombasa ililileta gobori huku bara pamoja na nguo na ushanga, na wafalme wa Uchaga, kama Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, waliwapa wafanyi biashara pembe za ndovu ili wapate bunduki na baruti. Tena iko sababu iliyofanya gobori likae muda mrefu mikononi mwa watu wetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano katika mji wa Brussels. Mapatano hayo yalizuia bunduki mpya za shabaha nzuri zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wakubwa waliona kwamba bunduki dhaifu haiwatishi. Udhaifu huo, uliopendwa na watawala, ndio ambao mwindaji hana budi kuufahamu, kwa sababu risasi yake huchaguliwa kwa kuupima.

Lugha yetu imetusaidia sana hapa, ila hatukuisikiliza. Neno risasi lina maana mbili. Ni kile kitu kinachotoka katika bunduki, na pia ni jina la madini yale ya kijivu, mazito na laini, ambayo mvuvi huyafunga katika wavu wake ili uzame. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni yale madini. Wazee waliotumia neno moja kwa vitu viwili hawakukosa maneno. Kwao risasi ya bunduki ilikuwa ya risasi. Goroli ya chuma iliyotolewa katika gurudumu la baiskeli au la gari si risasi. Wala kipande cha nondo kilichokatwa kwa msumeno si risasi. Wala msumari uliokunjwa si risasi, hata vyote vikitoka katika mdomo wa bunduki kwa kishindo kikubwa.

Kwa nini madini hayo na si mengine? Sababu ya kwanza ni uzito. Chukua goroli ya chuma yenye upana wa milimita 15, na risasi ya mviringo yenye upana huo huo. Machoni ni ndugu. Ukiziweka katika mizani, ya chuma haifiki gramu 14, na ile nyingine ni gramu 20 kamili. Kitu chepesi hurushwa kwa kasi, lakini hewa hukishika na kukichosha upesi, kama vile mtu awezavyo kurusha jiwe mbali kuliko kizibo cha chupa. Goroli ikitoka kwa haraka sana, baada ya hatua chache imekwisha kupoteza faida yake.

Sababu ya pili ni ulaini, nayo ndiyo kubwa. Gobori halirushi risasi kwa kasi ya bunduki za siku hizi. Haliwezi kumwua mnyama kwa kasi. Humwua kwa jeraha pana linalofika ndani. Risasi laini ikigonga ubavu wa kulungu hubonyea na kupanuka, ikaacha njia iliyo pana kuliko yenyewe, na damu hutoka kwa wingi, mnyama akalala karibu. Goroli haibonyei. Hupita ikaacha tundu dogo ambalo ngozi na mafuta huliziba mara moja. Au ikigonga mfupa hupinda njia yake na kutokea mahali pasipotazamiwa. Kipande cha nondo ni kibaya zaidi, kwa sababu hakina umbo la kuruka. Huenda kikipinduka pinduka hewani, na hakuna mtu, hata awe hodari namna gani, awezaye kusema kitagonga wapi baada ya hatua ishirini.

Tuchukue mfano. Mtu amekaa chini ya upepo, kando ya kichaka, saa kumi na mbili za jioni. Kulungu dume anatoka, anasimama, anageuza kichwa. Ni hatua arobaini. Mtu anavuta mtambo, gobori linalia, moshi unajaa mbele ya macho yake, na anaposikia majani yakivunjika hajui kama amempiga au amemkosa. Anakwenda mahali aliposimama mnyama anaona tone moja la damu, na hatua kumi mbele tone jingine, kisha hakuna. Giza limeingia. Kipande cha chuma kimepita tumboni, na kulungu yule ataishi siku moja au mbili akiwa amelala matopeni karibu na maji, kwa kuwa mnyama aliyepigwa tumbo huwa na kiu kali. Fisi watamwona kwanza. Mwindaji amepoteza nyama, amepoteza mnyama wa leseni yake, na mtu mwingine atakayepita njia hiyo kesho kuchota maji atakutana na mnyama aliyejeruhiwa ambaye pembe zake bado ni kali. Kulungu dume aliyejeruhiwa amejulikana tangu zamani kwa kuwarudia mbwa na watu. Kama angalikuwa nyati, habari hii ingalimalizikia makaburini.

Basi risasi na iwe ya madini ya risasi, tena safi. Ziko njia za kuijua. Iliyo safi hukwaruzwa kwa ukucha wa kidole gumba, na alama yake huonekana iking'aa. Ukiiangusha juu ya jiwe hutoa sauti nzito isiyolia. Ile iliyochanganywa na madini mengine ni ngumu, haikwaruziki kwa urahisi, nayo hulia kidogo kama kengele. Vile vipande vinavyobanwa katika magurudumu ya magari ili yasitetemeke mara nyingi ni vya namna hiyo ngumu. Vingine siku hizi si vya risasi kabisa. Madini ya betri kuukuu yasiguswe, nami nitaeleza sababu mwishoni.

Nikija kwenye ukubwa wa risasi, hapa hesabu ya shule yafaa kuliko maneno ya barazani. Watu hudhani kwamba risasi iliyozidi upana kwa nusu imezidi uzito kwa nusu. Sivyo hata kidogo. Risasi ya mviringo yenye upana wa milimita 12 ina uzito wa kama gramu 10. Ile ya milimita 15 ni gramu 20, yaani maradufu. Ile ya milimita 18 inakaribia gramu 35. Kutoka 12 mpaka 18 upana umeongezeka nusu, lakini uzito umezidi mara tatu na zaidi. Mwanafunzi atakayezidisha upana kwa upana, kisha kwa upana tena, ataona siri yake.

Wazungu wa zamani waliipima bunduki kwa hesabu hiyo. Walichukua ratli moja ya risasi, wakauliza, "Ikigawanywa katika viringo vinavyoingia katika kasiba hii, vitatoka vingapi?" Vikitoka 12, bunduki ikaitwa ya namba 12, na upana wa kasiba ni kama milimita 18 na nusu. Ndiyo maana namba ikipungua bunduki huwa kubwa, jambo linalowachanganya wengi mpaka leo. Yule Mwingereza F. C. Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la wanyama kusini mwa Tanganyika mwaka 1922, naye aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, alianza kazi yake ya kuwinda ndovu katika Afrika ya kusini na magobori ya namba 4. Kila risasi yake ilikuwa robo ya ratli, yaani zaidi ya gramu 110. Kati ya 1872 na 1874 aliwaua ndovu 78 kwa magobori hayo, na baadaye mwenyewe alisikitika kwamba aliyatumia, kwa jinsi yalivyomtikisa mwili.

Kwa kulungu na swala pala hakuna haja ya ukubwa huo. Risasi ya mviringo ya milimita 12 na nusu, ndiyo inayotumiwa sana Marekani kwa ayala wa kadiri hiyo, hutosha ikipigwa karibu na mahali pake. Aliye na kasiba pana ya milimita 15 au 16 ana nafasi zaidi ya kusamehewa kosa dogo. Chini ya milimita 11 mimi simshauri mtu, hata kama jirani yake ameangusha mnyama kwa risasi ndogo. Jirani husimulia siku aliyofaulu tu.

Lakini mtu hachagui upana apendavyo. Kasiba yake ndiyo inayomchagulia. Kazi yake ni kupata risasi inayolingana nayo. Isiwe pana hata ipigwe kwa nyundo ili iingie, wala isiwe nyembamba hata icheze kama kokwa ndani ya ganda. Askari wa Kiingereza wa zamani, waliobeba gobori lenye kasiba ya milimita 19, walipewa risasi ya milimita 17 na nusu, ili waishindilie upesi vitani hata kasiba ikiwa imejaa masizi. Risasi ile iligonga huku na huku ikitoka, na ilipofika mdomoni ilishika njia ya mgongo wake wa mwisho. Kwa kundi la maadui ilitosha. Kwa kulungu mmoja haitoshi.

Mwindaji afanye hivi. Apime mdomo wa kasiba kwa kipimo cha fundi, kisha apate kalibu ya kusubu risasi iliyopungua upana huo kwa robo milimita mpaka nusu milimita. Nafasi iliyobaki hujazwa na kitambaa cha pamba kilichofumwa barabara, kilichopakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta. Risasi huwekwa katikati ya kitambaa, nacho huishika pande zote inapoteremka. Kitambaa huzuia moto wa baruti usipite kando, husafisha masizi, na huishika risasi isisogee mbele mtu akitembea na bunduki imeinamishwa. Kisitumiwe kitambaa cha nailoni, maana huyeyuka kwa moto na kugandamana na chuma.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Risasi sharti ikae juu ya baruti kabisa, pasiwe na nafasi katikati. Kama risasi imekwama nusu ya njia, moto wa baruti hukutana nayo kama maji ya mafuriko yanavyokutana na ukuta, na kasiba yaweza kuvimba au kupasuka. Kasiba ya bomba la maji hupasuka mapema zaidi, kwa kuwa bomba lilifanywa libebe maji na si moto, na mara nyingi lina mshono ubavuni. Goroli iliyobana au kipande cha nondo kilicholala upande huleta hatari hiyo hiyo. Dawa yake ni rahisi. Tia mdeki ndani ya kasiba tupu mpaka ufike chini, ukate alama juu yake kwa kisu palipo mdomo. Ukisha kushindilia kiasi chako cha kawaida, kata alama ya pili. Tangu siku hiyo mdeki utakuambia ukweli kila saa: kama bunduki ni tupu, kama imejaa, kama risasi haijafika, au kama umeshindilia mara mbili.

Habari ya kushindilia mara mbili si hadithi. Selous aliieleza kwa kumbukumbu chungu. Siku moja gobori lake lilikataa kulia, na mchukuzi wake, akidhani halina kitu, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza. Lilipolia lilimwinua mwenyewe kutoka chini, likamtupa, likamjeruhi uso, na kitako chake kikavunjika. Lile lilikuwa gobori la kiwandani, lenye kasiba nene. Kiasi cha baruti, basi, kisikadiriwe kwa kiganja wala kwa kifuniko cha chupa. Kifuatwe kile alichokiandika mtengenezaji wa bunduki hiyo, na baruti iwe nyeusi ya gobori, wala si ile ya viasi vya bunduki za kisasa, ambayo katika gobori ni mauti. Vichwa vya vibiriti sitaki hata kuvijadili.

Yako magobori ya namna nyingine, ambayo ndani ya kasiba yana mifuo inayozunguka kama uzi wa parafujo. Mifuo huizungusha risasi, na kitu kinachozunguka hushika njia yake, kama pia ya mtoto inavyosimama wima. Katika miaka ya 1840 askari mmoja Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alitengeneza risasi ndefu yenye ncha mbele na shimo nyuma. Iliteremka kwa urahisi, lakini moto ulipoingia katika lile shimo ulipanua kitako chake kikaishika mifuo. Waingereza waliichukua namna hiyo katika bunduki yao ya mwaka 1853. Risasi zake zilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, na habari ilipoenea kati ya askari wa Bara Hindi kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na ya nguruwe, ambayo wangelazimishwa kuyatia meno, ilikuwa sababu mojawapo ya maasi makubwa ya mwaka 1857. Ni nadra kipande kidogo cha risasi kuitikisa dola kwa mafuta yake.

Aliye na gobori la mifuo aangalie uzungukaji wake. Mifuo inayomaliza mzunguko mmoja katika kiasi cha sentimita 150 mpaka 180 inapenda risasi ya mviringo na kitambaa. Inayomaliza mzunguko katika kama sentimita 70 inapenda risasi ndefu. Wamarekani, ambao wengi wao huwinda ayala kwa gobori kwa kupenda tu wala si kwa kukosa bunduki nyingine, hutia humo risasi ndogo iliyovikwa kikombe cha plastiki kinachoanguka hewani. Ya sentimita 120 hivi hukubali zote mbili, lakini haimpendi ye yote kwa moyo wote. Magobori mengi ya kwetu hayana mifuo kabisa, na kwa hayo jibu ni moja, risasi ya mviringo. Risasi ndefu katika kasiba laini hupinduka hewani ikagonga kwa ubavu.

Marisau ni kwa kanga, kwale na sungura. Punje ya milimita 3 haifiki gramu 0.2, zahitajika 125 ili zilingane na risasi moja ya milimita 15, na hata hizo zikifika kwa mnyama mkubwa kila moja hufika peke yake.

Baada ya hayo yote iko kazi ambayo haifanywi siku ya kuwinda. Mwindaji aweke karatasi pana penye kilima nyuma, asimame hatua 25, apige risasi tano, akiifuta kasiba kila mara. Kisha hatua 40, kisha hatua 60. Mahali ambapo risasi zake tano zinaacha kuingia zote katika duara la upana wa sahani ya chai, hapo ndipo mwisho wa mamlaka yake. Kwa gobori lisilo na mifuo mwisho huo mara nyingi ni hatua 40 au 50. Mnyama akisimama mbali kuliko hapo, aachwe apite. Naye apigwe akiwa ubavu, nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya mwili, palipo mapafu na moyo. Asipigwe akikimbia, wala akielekeza mkia, wala kichwani. Baada ya mlio mwindaji ashindilie tena pale pale, akumbuke alama ya mahali aliposimama mnyama, na angoje nusu saa kabla ya kufuata damu, maana mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, lakini anayefukuzwa hukimbia na kifo chake mpaka mbali.

Nilisema nitaeleza habari ya kusubu. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327, ambalo jiko la mkaa lililopulizwa laweza kulifikia, na kwa hiyo watu huichukua kazi hii kama kupika uji. Ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Betri kuukuu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ya vumbi lake na asidi. Kusubu kufanyike nje, mwenye kazi akae upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali, na chungu kilichotumiwa kisirudi jikoni hata kikisuguliwa kwa majivu. Tone moja la maji likianguka katika madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafula na kuyatawanya usoni, basi kalibu iwe kavu na mvua isiwe karibu. Zikisha poa, kila risasi ipimwe katika mizani. Iliyopungua kuliko wenzake ina shimo ndani lisiloonekana, nayo irudishwe kuyeyushwa.

Sumu hiyo haikomi mezani. Risasi laini ikipanuka ndani ya mnyama huacha vipande vidogo sana katika nyama ya pembeni mwa jeraha. Mwenye kuchinja akate nyama hiyo kwa upana wa kiganja kuzunguka njia ya risasi, aifukie. Asiitupe porini wala asimpe mbwa, kwa kuwa tumbusi hula mabaki na kufa kwa sumu. Jimbo la California, huko Marekani, lilipiga marufuku risasi za madini haya katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa ajili ya kuwaokoa tai wao wakubwa walao mizoga. Huko wenye magobori wametumia risasi za shaba, ambazo huvikwa kikombe kile cha plastiki katika kasiba yenye mifuo ya haraka. Kwa gobori la kasiba laini, kama hili letu, si rahisi kupata kitu kinachokaa vema mahali pake, na shimo la kufukia mabaki huchimbwa kwa jembe lile lile la shambani.